Tupeane uzoefu: mwanachama akikaa kimya muda mrefu kwenye grupu, mnamtoa au mnamwacha?

Mwalimu wa Soroti

Ndugu zangu, kuna jambo limenikaa rohoni. Nalileta hapa ili kila aliyewahi kusimamia grupu aseme lililomkuta.

Mimi ni mmoja wa maadmini watatu wa grupu la WhatsApp la walimu wa Kiswahili hapa Uganda. Tulianza 2019 tukiwa kama 30, watu waliofahamiana kwenye kusahihisha mitihani. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipopitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, watu wakamiminika. Kila wiki namba mpya: Mbarara, Arua, Kitgum. Mwisho wake tukagonga 1,024, na hapo WhatsApp haipokei hata mmoja zaidi. Walimu wapya wanabisha hodi, ndani hakuna pa kukaa.

Tukaona dawa ni kufyeka. Usiku mbili nilipitia orodha kwa mkono, nikaandika kwenye daftari jina la kila ambaye sijaona neno lake mwaka mzima. Wakafika 212. Jumatatu tukaweka tangazo: asiyejitokeza kufikia Jumapili atatolewa. Wakajitokeza 41. Jumapili usiku nikawatoa waliobaki, mmoja mmoja.

Jumatano ikaingia simu ya namba nisiyoijua. Sauti ya mama, ya upole: "Mwalimu, nimewakosea nini?"

Anafundisha Kotido. Shuleni kwake mtandao haufiki. Kila Jumamosi hupanda kilima kilicho nyuma ya kijiji hadi simu ishike, anashusha notisi zote za masomo tulizorusha wiki nzima, anateremka, halafu jioni anazinakili kwa kalamu kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Daftari hilo huzunguka shule tatu. Tangazo letu hakuliona kwa sababu Jumamosi ile mtoto wake alikuwa na malaria, wamelala zahanati. Nikamuuliza mbona miaka mitatu hukuandika hata salamu. Akasema: "Juu kule betri inaisha haraka. Na nyinyi ni walimu wakubwa, mimi ningewaambia nini?"

Nilimrudisha hapohapo. Lakini nimebaki na majina 170. Kotido ni ngapi humo ndani? Sikuuliza, nilikata tu. Naomba mnisimulie mlivyofanya ninyi.

Dereva wa Malaba

Mwalimu, pole kwa hilo. Mimi nitakupa upande wa pili, maana namba iliyolala inaweza kuwaumiza walio macho.

Grupu letu ni la madereva wa malori, Mombasa hadi Juba. Tuko 140. Mwenzetu mmoja alipata kazi ya kukaa Juba mwaka mzima, akanunua laini ya kule. Ile ya Uganda akaitoa kwenye simu akaifungia kwenye pochi, ila WhatsApp ikaendelea kwa namba ileile ya Uganda. Hakuweka salio, hakupiga. Wengi hatujui kwamba namba isipotumika muda mrefu kampuni ya simu inaichukua na kumuuzia mteja mwingine.

Siku moja WhatsApp yake ikafunga yenyewe: namba imesajiliwa kwenye simu nyingine. Yeye akadhani ni hitilafu, akajisajili kwa namba ya Juba, akaendelea na safari. Huku kwetu mtu tusiyemjua yuko ndani ya grupu, anasoma nani kabeba nini na nani analala wapi. Wiki ya pili akaandika: "Wakuu, nimekwama Nimule, trafiki wamenishika, nitumieni 300,000 nitarudisha kesho."

Wawili walituma. Mimi nilishtuka kwa neno moja tu. Mwenzetu yule hajawahi kutuita "wakuu". Miaka yote ni "salaam aleikum wazee wangu", hata akiwa na njaa. Nikampigia mkewe Tororo, akanipa namba ya Juba. Jamaa mwenyewe alikuwa chini ya lori anabadilisha spring, hana habari.

Tangu hapo, kila Januari na Julai kila dereva anaandika jina na mahali alipo. Asiyeandika hatumtoi siku hiyo. Kwanza mtu anabonyeza ujumbe wake mwenyewe kwenye grupu, anafungua taarifa za ujumbe, anaona nani umemfikia na nani ameusoma. Anayesoma ni mzima, mwache. Ambaye haumfikii kabisa tunampigia, akikosekana tunapiga nyumbani kwake, ndiyo maana kila anayeingia anatuachia namba ya ndugu. Tukikuta namba ina mtu mwingine, inatoka dakika hiyohiyo na tunamtafuta mwenzetu tumwingize kwa namba yake mpya.

Na wote tumewekeana ile namba ya siri ya tarakimu 6 ya WhatsApp. Mimi niliwafungulia mipangilio wazee mmoja baada ya mwingine hapa yadi ya Malaba.

Mwalimu wa Soroti

Hapo kwenye kufungua taarifa za ujumbe umenisaidia sana, kaka. Nilipimia kwa kuandika, kumbe ningepimia kwa kusoma.

Muuza mitumba, Owino

Mimi nitasema tofauti na naomba nisieleweke vibaya. Kuna magrupu ambayo kimya ni hatari.

Letu ni la wauza mitumba. Humo tunaambiana belo limefunguliwa likatoka nini, bei ya jumla ni ngapi, nani anauza kwa hasara ili aondoke. Tulikuwa na watu kama 20 hawaandiki, hawachangi, hawaji sokoni. Ikawa mteja anafika kibandani na picha ya meseji zetu kwenye simu yake: "Nnyabo, mbona mmenunua kwa bei hii halafu unaniambia hii?" Tuliwatoa wote. Sijutii. Mtu ambaye humjui uso, hachangi chochote, na anasikiliza siri ya riziki ya wenzake, hana haki ya kiti.

Lakini la mwalimu si hilo. Notisi ni za kusomwa. Nadhani admini ajiulize kwanza grupu lake ni darasa au ni chumba cha ndani.

Mama wa Nakivale

Ndugu, mimi ni Mkongomani, niko hapa kambini Nakivale tangu 2013. Mutanisamehe Kiswahili changu.

Grupu letu ni la watu wa kwetu upande wa Masisi, majirani na familia. Wengine wako Nakivale, wengine Kyangwali, wengine walipelekwa Marekani na Kanada, wengine walibaki. Tuko 61. Kwetu mutu kunyamaza si ajabu, simu moja wanatumia nyumba tatu, leo iko kwa huyu, kesho kwa yule.

Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Usiku ule hakuna aliyelala hapa. Mutoto wa dada yangu aliandika: "Tuko muzuri, tuko mu nyumba." Basi. Tangu pale kila kitu ninachomutumia ni tiki moja. Na si yeye tu, namba tisa zilizima wiki ile.

Miezi ikapita, ndugu mmoja wa Kyangwali ambaye ni admini akasema tusafishe grupu, namba zilizokufa zitoke. Alisema kwa nia nzuri, aliogopa hayo ya wezi kama dereva alivyosema. Nilimwambia: zingine safisha, hizi tisa usiguse. Tukagombana, hatukusemezana siku mbili. Mwisho alikubali.

Mwezi wa tano namba ya Burundi ikanipigia. Ni yeye. Simu yake walimunyang'anya njiani, alifika Bujumbura na watoto wawili wasio wake. Nilipomuingiza kwenye grupu kwa namba mpya, kitu cha kwanza alifungua majina ya wanachama. Akanipigia tena akilia: "Mama mudogo, jina langu la zamani bado liko. Nikajua munaningoja."

Zimebaki nane. Mimi sizitoi.

Kijana wa kompyuta, Ntinda

Mama, nimesoma mara mbili. Mungu awarudishe.

Mimi ni admini wa umoja wa waliosoma shule moja Jinja. Tulikuwa Facebook, wanachama zaidi ya 2,000. Julai 2018 ikaja kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. Sauti zikapungua, hasa za walio vijijini. Tukasema watu wamepoa. Halafu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ikafungwa nchini, na miaka ikapita haijafunguliwa. Asiyejua kutumia VPN, ile programu ya kupita kizuizi, akabaki nje. Tulihamia WhatsApp tukiwa 300 na kitu, na kwa muda mrefu wale wengine tuliwaita "wafu". Hakuna aliyekufa pale, ni njia iliyofungwa. Kodi ile ya 200 iliondolewa 2021, ikaja asilimia 12 kwenye bando, na bado kwa mwenzetu aliyeko Kaabong bando ni mashindano kati yake na sabuni.

Nilichofanya: niliigawa kazi. WhatsApp ina kitu kinaitwa jumuiya, chini yake unaweka magrupu kadhaa na juu kunakuwa na sehemu ya matangazo ambayo maadmini tu ndio wanaandika, na inabeba watu wengi kuliko 1,024. Wasomaji kimya wako huko, wanapata kila kitu. Grupu la kuzungumza likabaki la wanaozungumza. Mwalimu, hili linakufaa wewe moja kwa moja, notisi ziende kwenye matangazo.

Na mjue saa inayokimbia hata admini akilala. Akaunti ya WhatsApp isipotumika siku 120 kwa kawaida inafutwa. Telegram ukiacha ilivyo, ni miezi 18. Google tangu Desemba 2023 inafuta akaunti binafsi ambayo haijafunguliwa miaka 2. Rejista yetu yote ya 1998 kuja huku ilikuwa kwenye Gmail ambayo aliyeifungua alikwenda Dubai. Tulimpata kwa shida, akaingia akakuta imebaki miezi miwili. Sasa nywila iko kwa watu watatu.

Jambo moja dogo: kama mna orodha yenye namba za vitambulisho na za simu za watu walioondoka, futeni hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 hairuhusu kukaa na taarifa za mtu kupita haja yake.

Mtoto wa Bombo

Nilikuwa nasita kuandika. Baba yangu alikuwa kwenye grupu la wazee wa Bombo, Wanubi wenzake. Siku ya arobaini admini, kwa heshima kabisa, akaandika dua ndefu, kisha akaitoa namba ya marehemu.

Hakujua kwamba simu ile haikuzimwa. Mama alikuwa anaichaji kila magharibi, kioo kimepasuka pembeni, anaiweka mezani karibu na redio, anasikiliza wazee wanavyotumiana sauti. Kusoma hajui. Zile sauti ndizo zilikuwa baraza la mumewe, amezisikia ukumbini kwake miaka 40. Jioni ile hazikuja. Akaniita: "Simu ya baba yako imekuwa bubu, ipeleke kwa fundi." Nilipofungua nikaona imeandikwa ameondolewa. Nilishindwa kumsomea. Nilitoka nje.

Nilimpigia admini, mzee akashikwa na uchungu kuliko mimi. Alirudisha namba usiku uleule na wazee wakapeana neno, wakawa wanaanza sauti zao kwa "salaam kwa nyumba ya fulani". Mama akawa anajibu, mara nyingine. Baada ya mwaka hivi alinikabidhi simu mwenyewe, akasema imetosha. Niliwaandikia wazee shukrani kwa niaba yake, nikatoka kwenye grupu kwa kidole changu.

Dereva wa Malaba

Mtoto wa Bombo, mama tumsalimie. Hili la kumuuliza mwenye nyumba kwanza sisi hatukuwa nalo. Julai nitaliweka.

Mwalimu wa Soroti

Nimerudi, samahani nimechelewa, nilikuwa kwenye simu.

Matangazo tumeyafungua jinsi kijana alivyoelekeza, na wote 170 tumeanza kuwarudisha huko, isipokuwa namba zilizochukuliwa na watu wengine. Naomba radhi kwa kila mmoja kwa mdomo, siwezi kuituma hiyo kwa maandishi. Hadi jana nimepiga 112. Wanne wamefariki, mmoja wao tulifundisha naye Pallisa na mimi sikujua. Tisa wameacha ualimu. Kumi na saba, namba zina watu wengine kabisa, dereva alisema kweli. Wengi waliobaki wanasoma. Mmoja wa Bundibugyo alinitajia makosa mawili ya ngeli niliyoyafanya kwenye notisi ya 2021, alikuwa ameyaandika pembeni akaona haya kusema.

Jumamosi mama wa Kotido alituma sauti yake ya kwanza, sekunde 20, upepo mwingi. Anauliza kama sentensi ya mfano kwenye notisi ya juzi ni "ule mkono" au "huo mkono", maana daftari liko tayari kwenda shule ya pili na hataki lipeleke kosa.

Nimemjibu. Zimebaki namba 58, kesho jioni naanza na mwalimu mmoja wa Adjumani.