Mrejesho: Yogati ya nyumbani imeganda, ya nanasi imenishinda

Jamani, nimerudi. Niliuliza hapa mbona yogati ninayojitengenezea inabaki majimaji, hasa na hii baridi ya Nairobi ya Julai. Asanteni nyote mliojibu.

Aliyesema nichemshe maziwa hadi karibu yafoke, kisha yapoe kabla ya kutia chachu (yaani yogati kidogo ya kugandishia), ubarikiwe. Kipimajoto sina, kwa hivyo natumia kidole: kikivumilia nikihesabu hadi kumi, tayari. Hapo ni kama nyuzi 45. Yakiwa moto sana, bakteria wa kugandisha walio kwenye chachu wanakufa. Kwa lita moja ya maziwa ya mashine ya hapa mtaani natia vijiko viwili vya yogati isiyo na sukari wala ladha.

Blanketi la kufunika sufuria ili maziwa yabaki na joto halikufua dafu. Kufika usiku wa manane sufuria ilikuwa baridi. Kilichofanya kazi ni hotipoti ya chapati, iliyosuuzwa kwanza na maji moto. Asubuhi kijiko kilisimama wima! Juu kulikuwa na vimaji vya kimanjano. Hivyo ni kawaida, msivimwage, vinafaa kukandia unga.

Ya nanasi ndiyo imekataa. Nilichanganya vipande vibichi kama nilivyoshauriwa, ikawa chungu na ikakatika. Kumbe nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Anayelitaka alipike kwanza na sukari kidogo, lipoe, aliweke wakati wa kula. Mimi nimefanya hivyo na ladha ni sawa, ingawa bado ni nyepesi kuliko ya dukani.

Na mfiche vijiko viwili vya kugandishia nyingine. Kwangu watoto walilamba hadi chombo.