Mila ya babu wahamiaji au kitu kilichozuka huku?

Mwandishi wa Ukoo
Wakuu, habari zenu. Naandika kitabu kidogo cha ukoo. Vizazi vinne nyuma wazee walivuka bahari. Nyumbani kila kitu ni "mila ya babu": hakuna kukopa, karatasi zote zifungiwe sandukuni, mtoto asome hata ikibidi kuuza kitanda. Nitajuaje kipi walikuja nacho na kipi kilizukia huku? Na wazee wahojiwe vipi?

Kinasa
Usiulize "maadili yetu ni yapi?", utapewa hotuba. Uliza matendo: pesa alishika nani? Barua ya serikali ilisomwa na nani? Mtoto akikosea kilifuata nini? Hoji mzee mmoja mmoja, dakika 45 hadi 60. Ukiwakusanya, mwenye sauti nene ataandika historia ya wote. Nenda na picha za zamani. Rekodi kwa simu mbili, zote zikiwa hazipokei simu, maana ikipigwa katikati rekodi inaweza kukatika. Tunza nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine.

Matawi
Linganisha matawi, mkuu. Tafuta uzao wa ndugu waliobaki kule. Desturi ikiwa pande zote mbili, yaelekea ni ya kabla ya safari. Ikiwa huku tu, shuku uhamiaji wenyewe. Hayo matatu uliyotaja yananukia safari: asiye na shamba wala jamaa wa kumdhamini huogopa deni, karatasi ndiyo ruhusa yake ya kukaa, na elimu haiporwi mpakani.

Ila kuna mtego. Kukosekana kule si ushahidi kwamba ilizaliwa huku, huenda wao ndio walioiacha. Wahamiaji hushikilia mambo yalivyokuwa mwaka walioondoka, wakati waliobaki wanaendelea kubadilika.

Daftari la Meli
Kama waliingia Marekani kupitia kituo cha kupokea wahamiaji cha Ellis Island, New York (1892 hadi 1954), tafuta orodha ya abiria. Kuanzia 1907 fomu iliuliza jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki, na huyo ndiye mlango wa tawi analosema Matawi. Hadithi ya "karani alitubadilishia jina" iache. Makarani walifuata orodha iliyokuja na meli, na wengi walibadili majina wenyewe baadaye, kwa hiyo tafuta tahajia ya zamani. Tarehe nazo zina vituko: Urusi ilitumia kalenda ya kale hadi 1918, hivyo mtu wa 1905 anaweza kuwa na siku mbili za kuzaliwa zilizopishana siku 13.

Mwandishi wa Ukoo
Shukrani. Na lugha yao imeshapotea, imebaki vipande tu.

Kinasa
Vipande hivyo ni dhahabu. Mara nyingi hubaki salamu, matusi, maneno ya jikoni na majina ya kuitana ndugu. Yaandike yanavyotamkwa, usiyasahihishe kwa kamusi. Neno "lililokosewa" huenda ni lahaja, na lahaja inaweza kukuonyesha wilaya waliyotoka. Matusi waulize wajukuu, wazee watakuficha.