Tupeane uzoefu: ramu mbovu kwenye seva ya storeji, wewe uliitoaje?

fundi_wa_mjini
Asalaam aleikum wadau. Nafungua uzi huu sababu kuna kitu kimenipata wikendi ilopita na najua humu mna mafundi wengi wa seva wa huku pwani, kila mtu aseme yake ili mwengine asipite njia hiyo hiyo.

Mie niko kwa ofisi moja ya kliaring hapa mjini, makaratasi yote ya mizigo ya bandarini tunayaskani yaingia kwa seva moja ya raki, diski 12 mbele, dimu 8, yaani vibao vya ramu, za giga 16 kila moja. Jumatano taa ya njano ikawaka, kuingia kwa logi nakuta ECC, yaani ulinzi wa ramu wa kushika makosa, inarekebisha makosa na yote yatoka dimu moja, asubuhi yalikuwa kama 40 hivi, jioni yashapita elfu. Watu wafanya kazi zao hawajui kitu lakini mie roho haitulii, maana ECC hurekebisha biti moja ikigeuka, zikigeuka mbili kwa pamoja italiona kosa lakini haitoweza kulitengeza, na hapo seva nyingi husimama papo hapo.

Spea mbili zikaja na basi ya usiku kutoka Nairobi, Jumamosi watu walipofunga saa saba nikaizima. Nikachomoa waya zote mbili za stima, zote mbili jamani, seva ina pawasaplai mbili na ukiacha moja bodi ingali na stima hata kama feni zimenyamaza. Nikaivuta kwa reli, nikafungua kifuniko, nikatoa dimu nikaweka mpya mpaka vishikio vya pande zote mbili vikajifunga vyenyewe.

Shida ni kuwa Linux iliniandikia Chan#1 DIMM#0, yaani namba ya chaneli na ya dimu. Mie nikaona moja ndo ya kwanza, nikatoa ya sloti A1, maana kwenye bodi herufi ndo chaneli. Kumbe kwenye mashini hii hesabu yake yaanza na sifuri, Chan#1 ni ya pili, yaani B1! Nimetoa nzima nimeacha mbovu ndani. Jumapili asubuhi makosa ni yale yale, ikabidi nizime tena na siku hiyo kuna meli imeingia na watu wataka faili zao, simu haziishi. Mara ya pili kabla sijazima nikapiga amri ya dmidecode -t memory, yakupa siriali namba ya kila dimu na jina la sloti yake, nikaandika kwa karatasi, halafu nikalinganisha na stika ya dimu mkononi kabla sijaamini. Tangu hapo kimya.

Nyinyi mwajuaje ni ipi?

dada_wa_tudor
Pole sana kakangu. Mimi yangu haikuwa dimu kabisa. Mteja upande wa Nyali, jengo limepakana na bahari, seva inalalamika sloti C2. Tukabadilisha dimu, wiki mbili makosa yakarudi C2. Tukaleta nyingine tena, yakarudi. Ndo nikakaa chini nikafikiri, nikachukua ya C2 nikaiweka D2 na ya D2 nikaileta C2, nikafuta logi ya IPMI (mfumo wa bodi unaochunga hali ya seva) ianze upya, nikangoja. Kosa likabaki C2. Yaani halikuifuata dimu, lilibaki na sloti.

Kumulika na tochi ndani ya sloti naona kijani kijani. Kuuliza, naambiwa usiku walinzi huzima AC ya chumba cha seva wanafungua dirisha upepo uingie, na ni msimu wa kusi. Hewa ya chumvi inaingia moja kwa moja mpaka kwa bodi, miezi na miezi. Iliniuma sana kwa sababu hakuna aliyewaeleza wale walinzi, wao waliona wanaokoa stima. Tuliiacha C2 tupu mpaka bodi ikabadilishwa.

Tangu siku hiyo siagizi dimu kabla sijabadilishana na jirani yake. Kosa likihama na dimu, dimu ndo mbovu. Likibaki, angalia sloti, na baada ya sloti angalia pini za soketi ya prosesa, kuna wakati prosesa haikukaa sawa na ramu ndo inabeba lawama.

mzee_wa_makupa
Mimi meno ya dimu huyasugua na raba ya shule, ile nyeupe. Kazi hii nimeifanya miaka mingi na imeniponyea mashini nyingi.

likoni_teki
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, kwa seva naomba usitumie raba. Ile dhahabu ya kwenye meno ni utando mwembamba mno, raba inaikwaruza, ikitoka inabaki nikeli na shaba chini na kwa hewa yetu hii kutu haichelewi. Afadhali spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, halafu uiache ikauke kabisa ndo urudishe.

mzee_wa_makupa
Marahaba mwanangu. Raba nilikuwa nikiitumia kwa mashini za mezani enzi za DDR2, na kweli kuna zilizonirudia baada ya muda na sikujua kwa nini. Hiyo isopropili nitaitafuta.

kijana_wa_bamburi
Mimi nilipoteza siku mbili kwa kununua aina siyo. Seva yetu ilikuwa na RDIMM, yaani dimu rejistadi, yenye chipu ya kupokea amri za prosesa, muuzaji akanipa dimu ya DDR4 ya ECC, mwendo ule ule, giga zile zile, meno 288, ikaingia kwa sloti vizuri kabisa bila kulazimisha. Kuwasha, mlio tu na haipandi. Kumbe ilikuwa UDIMM, isiyo na chipu hiyo, na hizo mbili hazikai pamoja kwenye seva moja. Sasa mimi nasoma stika, mfano PC4-2400T halafu kuna herufi inafuata: R ni rejistadi, E ni ECC isiyo rejistadi, L ni LRDIMM (aina nyingine ya seva, ya giga nyingi), U ni ya kawaida isiyo na ECC. Mpigie picha muuzaji stika ya ile ya zamani umtumie, usimwambie tu kwa mdomo "nataka giga 16 za DDR4".

Na kitu kingine, baada ya kuweka dimu mpya skrini ilikaa nyeusi nikadhani nimeua bodi, nikazima nikawasha, nikazima tena. Seva yenye ramu nyingi ikiona dimu imebadilika huwa inazipima upya kwanza na hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa. Yetu ya giga 512 ilichukua kama dakika 8. Mimi nilikuwa naikata katikati kila mara.

usiku_kilindini
Hapo kwa dakika za kungoja nakuunga mkono, ni ngumu sana kukaa bila kugusa kitu.

Yangu ilikuwa storeji ya kontrola mbili (bongo mbili zinazoendesha diski zile zile), ramu mbovu iko kwa kontrola A. Kitabu kinasema hamishia kazi zote B, chomoa A, badilisha, rudisha, watumiaji hawatajua. Nikapanga Ijumaa wakati wa swala ofisi zikiwa tupu. Nashukuru Mungu kabla ya kuchomoa niliamua kupita seva moja moja niangalie njia zake za kwenda kwa storeji, kwa sababu tatu zilikuwa na waya wa kwenda A peke yake, ya B ilichomolewa na mtu zamani akasahau kurudisha na hakuna aliyegundua maana kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Ningechomoa A hizo tatu zingekufa na moja ndo ya mishahara. Niliahirisha wiki nzima tukavuta waya kwanza. Pia jueni kontrola ikibaki moja nyingi huacha kuandika kwa kache (ramu yake ya kupokea data haraka) zinaandika moja kwa moja kwa diski, kwa hiyo waambieni watu mapema itakuwa pole pole, wasije wakaanza kuzima na kuwasha vitu.

mgeni_wa_seva
Samahanini naomba kuuliza, yangu ina makosa 3 kwa mwezi mzima, yote yamerekebishwa. Nibadilishe?

dada_wa_tudor
Karibu sana. Matatu usikimbilie, ila usiyasahau pia. Kuna utafiti wa seva za Google uliotoka 2009, waliona kama asilimia 8 ya dimu hupata kosa la kurekebishika ndani ya mwaka, kwa hiyo si ajabu. Lakini waliona pia dimu iliyokosea mara moja ina uwezekano mkubwa zaidi wa kukosea tena mwezi huo huo. Andika tarehe na sloti. Yakija mengine sloti ile ile, badilishana na jirani kama nilivyosema juu, na uhakikishe bakapu yako unaweza kuirudisha kweli, jaribu hata faili moja leo. Kama unatumia ZFS (mfumo wa faili unaoweka alama ya kukagua data), ukishabadilisha piga scrub, yaani ukaguzi wa data yote, itakuonyesha data isiyolingana na alama yake, ila iliyoharibika kwa ramu kabla ya kuwekewa alama haitaiona.

fundi_wa_mjini
Ahsanteni sana wote. Dada, baada ya kukusoma nimeshuka chumba cha seva nikamulika sloti zote na tochi, ni safi alhamdulillah, lakini dirisha letu nalo halifungi vizuri na nimeshamwita seremala. Ile A1 niloitoa nzima nimeiweka kwa mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, nikaandika siriali na tarehe juu, hiyo ndo spea yetu sasa. Ile ya B1 nimeipiga mstari mwekundu wa maka isije ikarudishwa na mtu kwa bahati mbaya.