Boxer inagonga mlimani, niweke petroli gani?

bodaboda_mombo
Wakuu habari za jioni. Nina pikipiki Boxer 150 mwaka wa pili huu, napiga ruti ya Mombo Lushoto. Wiki mbili sasa nikipakia abiria na mzigo, nikizianza zile kona za kwenda Soni inagonga ndani kama misumari kwenye kopo, moshi unatoka, na asubuhi napiga kiki mpaka shati linalowa. Kijiweni mmoja kaniambia nitafute petroli ya oktani kubwa, mwingine anasema nichanganye oili kidogo kwenye tenki. Nishike lipi? Hiki chombo ndio kinalisha watoto, naombeni msaada.

fundi_kabureta
Pole kaka. Ya oili achana nayo kabisa, hiyo ni ya pikipiki za tustroki za zamani, zile zinazochoma oili pamoja na petroli. Boxer ni fostroki, oili yake inakaa chini kwenye injini, ukiiweka kwenye tenki inaungua na petroli, plagi inajaa masizi na moshi unazidi.

Oktani nayo watu wanaielewa vibaya, wanadhani namba kubwa ndio nguvu nyingi. Ile namba inaonyesha petroli inavumilia kubanwa kiasi gani bila kujilipukia yenyewe, na injini ya Boxer haibani sana, ya kawaida ya sheli inaitosha. Sasa kama inagonga, mimi nashuku mafuta yenyewe. Unajazia wapi?

bodaboda_mombo
Sheli, ila usiku nikikwama huko vijijini juu nachukua ya chupa.

dada_wa_pampu
Basi anzia hapo kaka yangu. Mimi nauza mafuta na hili linaniuma kwa sababu mnaoumia ni nyie. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, yakiingia kidogo tu kwenye petroli injini inagonga na kutoa moshi kama unavyosema. Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa 2011 ili watu waache kuchakachua, lakini dumu lililokuwa na mafuta ya taa jana likitiwa petroli leo bila kusafishwa ni yale yale. Halafu chupa ikishinda juani ile sehemu nyepesi ya petroli inaruka, na hiyo ndio inayosaidia kuwaka asubuhi.

Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, usogee mbali na moto. Petroli safi inakauka haraka haiachi kitu, ikibaki alama ya mafuta mafuta usiitie.

fundi_kabureta
Dada kamaliza. Ongezea hili, funga koki ya petroli, legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), kinga kwa glasi uitulize dakika chache, maji ni mazito kuliko petroli yatakaa chini.

bodaboda_mombo
Nimefanya sasa hivi. Chini ya glasi kuna maji kama kijiko cha chai, yanatembea peke yake ukiinamisha, na karatasi imebaki na duara la mafuta hata baada ya nusu saa. Plagi nimeitoa nyeusi tii. Kesho namwaga tenki lote, naweka plagi mpya, najaza sheli na risiti nachukua, nikifika Soni na abiria nawaambia.