Mjadala: Watanzania turuhusiwe kupanda Kilimanjaro na marafiki zetu tu, bila msafara wa kampuni?

Buti la Mtumba (Dar es Salaam)

Wakuu, heshima kwenu. Hoja hii imetugawa kwenye kundi letu, naileta hapa mtusaidie kugombana kwa akili.

Tuko marafiki sita. Tulianza na Uluguru, kupanda asubuhi na kushuka jioni, miguu inauma wiki nzima. Tukaenda Lushoto, tukatembea siku tatu hadi Mtae tukilala kwa wenyeji. Kisha Hanang, na mwaka jana Meru. Kila mtu ana hema lake, begi la kulalia na jiko la gesi, karibu vyote vya mtumba. Buti zangu nilizitoa soko la Memorial pale Moshi kwa elfu thelathini na tano baada ya kubishana nusu saa, na hadi leo hazijafunguka soli.

Desemba hii tunataka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa njia ya Machame, siku saba. Wazo letu lilikuwa rahisi: tulipe kiingilio na kambi, tubebe mizigo yetu, tupike wenyewe. Haiwezekani. Tangu 1991 hakuna anayepanda bila kiongozi mwenye leseni, na kiongozi unampata kupitia kampuni. Makadirio tuliyoletewa na kampuni moja yana viongozi wawili, mpishi mmoja na wagumu, yaani wapagazi, kumi na wanne. Sisi sita, wao kumi na saba! Nilipowaambia kwamba mizigo tunabeba wenyewe, nikajibiwa, "Kaka, huo ndio utaratibu."

Mniwie radhi, kiingilio silalamikii. Mgeni hulipa dola 70 kwa siku kabla ya VAT, na hapo bado kambi na ada ya uokoaji. Sisi tunalipa kwa shilingi, tena kidogo. Kinachomfungia Mtanzania wa kawaida nje ya mlima wake ni ule msafara. Ndiyo maana ukikaa getini Machame asubuhi moja tu, unawaona Watanzania wengi sana wakipanda mlima, na karibu wote wamebeba mzigo wa mtu mwingine.

Ninavyoona mimi, kanuni hii imefunga mambo matatu kwenye furushi moja: usalama, ajira na utunzaji wa hifadhi. Ukihoji la ajira unajibiwa la usalama. Ukihoji la usalama unaambiwa vijana wa Moshi watakula nini. Yafunguliwe, kila moja lijadiliwe peke yake.

Mfano upo, tena ukiwa Moshi anga likiwa safi unauona kwa macho: Meru. Pale lazima uende na askari wa hifadhi mwenye bunduki, na nasema lazima kwa haki, maana siku ya kwanza kabla ya kufika kambi ya Miriakamba tulikuta nyati watatu njiani, mmoja akatutazama kama anatudai. Askari akasimama, nasi tukasimama, hadi nyati alipoona hatuna maana. Mgumu kule ni hiari yako, na sisi tulibeba wenyewe hadi mita 4,562 tukarudi salama.

Pendekezo langu: aliyewahi kupanda Meru aruhusiwe Kilimanjaro akiwa na kiongozi mmoja anayelipiwa pale pale getini, mengine ajitegemee. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliupeleka mwenge na bendera kule juu ili tuuone mlima kuwa wetu. Karibuni.

Chumvi Kiasi

Watu sita, hema za mtumba, kambi ya Barafu saa sita usiku. Niandikieni majina kabisa nianze kukusanya michango.

Mama wa Kibosho

Mwanangu, nimesoma nikacheka, si kwa dharau. Wewe unalilia kulala kwenye hema. Sisi wa huku chini tunalilia majani ya ng'ombe. Ule ukanda wa nusu maili pembezoni mwa msitu wa mlima uliwekwa 1941 ili wenyeji tupate kuni na majani bila kuingia msitu wenyewe. Leo upo ndani ya mipaka ya hifadhi, na mama akikutwa na mzigo kichwani siku isiyo yake anaulizwa maswali kama mwizi. Kwa hiyo mkianza kugawana huo "mlima wetu", muanze na walio karibu nao. Mengine endeleeni.

Kikanyagio (Nairobi)

Salamu kutoka huku. Niwaambie yanayotukuta sisi tulioachiwa kupanda wenyewe.

Mlima Longonot unalipa getini, unapanda hadi ukingoni, unazunguka kreta yote na kushuka. Hakuna anayekuuliza kiongozi wako ni nani. Kilele chake ni mita 2,776, kwa hiyo ukichoka unakaa chini, unakunywa maji, unaendelea. Mlima Kenya ni habari nyingine, wala hawakuruhusu uingie peke yako. Hapo sibishani nao, maana kufika Point Lenana, mita 4,985, si matembezi ya Jumapili.

Lakini shida yetu kubwa haimo kwenye sheria. Siku hizi kila wikendi mabasi yanatoka Nairobi yamejaa watu wa kupanda milima. Mwandalizi ni mtu mwenye simu, bango zuri na namba ya M-Pesa. Watu arobaini, sanduku la huduma ya kwanza hakuna, na wa mbele akifika juu wa nyuma hajulikani aliko. Wanaitana marafiki kwa sababu wako kwenye kundi moja la WhatsApp.

Tena kiongozi si hirizi. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yalishuka kwenye korongo la Hell's Gate yakaua watu saba, na kiongozi wao alikuwa mmoja wa hao saba. Mvua ilinyesha juu, wao wako chini. Kilichokosekana ni mtu wa kuwafungia njia mapema. Ndugu yangu Buti, ningeshauri muulize kwanza nani yuko kazini siku mbaya, ndipo muulize nani abebe sufuria.

Mgumu wa Zamani (Moshi)

Nimeingoja zamu yangu. Nimebeba miaka kumi na moja, goti likakataa, sasa nauza vifaa. Nitasema yangu, mnisamehe urefu.

Kwanza, Buti, hukukosea sana. Mwisho wa mzigo wa mgumu ni kilo 20 na unapimwa getini, kwenye mizani. Sasa fikiria ndani ya hizo kilo kuna nini: meza, viti, hema la kulia chakula, choo cha kubebeka cha mgeni mmoja asiyetaka kutumia kile cha kambi. Nimebeba matikiti maji hadi kambi ya Shira. Msafara wa Mtanzania mwenye hema lake haukupaswa kufanana na ule, na kampuni inayokupa makadirio yale yale imekuona mgeni mwenye shilingi.

Lakini umeandika hoja nzima na neno maji sijaliona.

Barafu hakuna maji. Hakuna mto, hakuna bomba. Maji ya mwisho yako bonde la Karanga, na kila tone unalokunywa Barafu limepandishwa mgongoni na mtu. Nyinyi sita mtafika pale mchana mkiwa mita 4,673, kichwa kinagonga, chakula hakipiti. Mnahitaji maji ya jioni, ya chai ya usiku, ya kupandia na ya kurudi. Ni nani kati ya marafiki hao atakayeshuka Karanga na madumu na kurudi, halafu saa sita usiku aamke apande mita 1,200 nyingine hadi kilele cha Uhuru, na siku hiyo hiyo ateremke hadi kambi ya Mweka? Ukimpata, huyo asipande, mleteni kwangu nimtafutie kazi.

La pili ni zito zaidi. Msimu mmoja tulikuwa na kijana mcheza mpira, pumzi kama ya punda, aliyekuja na wenzake wanne. Usiku pale Barafu nikapita karibu na hema lao nikamwona amekaa mlangoni anavaa kiatu. Anakivaa, anakivua, anakivaa tena. Cha kushoto anakilazimisha mguu wa kulia. Wenzake wanacheka, wanasema, "Usingizi huo." Nikamwita kiongozi. Kiongozi akamwambia atembee kwa kufuata mstari mmoja, kisigino mbele ya vidole. Hakumaliza hatua tatu, akayumba kama mlevi. Huo ni ubongo unaanza kuvimba, na dawa ya kwanza ni kushuka, saa ile ile, gizani. Tulimshusha kwa zamu huku anatutukana. Kufika alfajiri, chini, anauliza, "Kwani tumefika?"

Wale wenzake walikuwa wanampenda. Ila nao walikuwa pale pale juu, hewa kidogo, wamelipa, wametoka mbali, na kila mmoja anataka kilele. Rafiki hawezi kukuambia urudi, na akikuambia humsikilizi. Mtu wa kukuambia urudi lazima awe mtu ambaye kilele hakimwongezei kitu, ameshakifika mara mia.

Kwa hiyo hapo kwenye kiongozi mmoja mimi sikubali. Mmoja akishuka na mgonjwa, nyinyi watano mliobaki mnaongozwa na nani?

Buti la Mtumba

Mgumu, hilo la maji nakiri lilinipita kabisa. Meru tulilala kwenye nyumba, na maji hatukuyawaza. Na viongozi wawili nimekubali, hesabu yako haina tundu.

Ila msinifanye nionekane kama ni sisi wa mtumba tu tunaoleta hatari. Oktoba 2020 moto uliwaka pale Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, ukala mlima kwa siku kadhaa, na maelezo ya awali ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, yalisema ulianza kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Sisemi hili kuwasema vibaya, kosa ni la binadamu yeyote. Nasema msafara mkubwa nao una miguu mingi, majiko mengi na taka nyingi. Watu sita na viongozi wawili ni majiko mawili. Ukiniambia kanuni inalinda hifadhi, basi hapo inafanya kinyume.

Mama, shikamoo. Umenipiga pale nilipojificha. "Mlima wetu" niliandika nikiwa Dar.

Jirani wa Ben Nevis (Scotland)

Niko huku miaka tisa. Sheria ya 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea na kulala kwenye hema karibu popote, hakuna geti wala kiongozi. Lakini huku mlima mrefu kuliko yote ni mita 1,345, hata Lushoto mjini ni juu zaidi ya hapo kidogo au sawa. Na ukivunjika mguu, wanaokuja kukutoa usiku ni majirani waliojitolea, wana mafunzo na redio, na hawakudai hata senti. Watoto wanafundishwa ramani na dira mapema. Uhuru wa kutembea umeletwa na hivyo vyote pamoja. Huko nyumbani anayewaza kuruhusu watu waende wenyewe aanze na ramani nzuri madukani. Mimi ya Uluguru nimeitafuta nikachoka.

Chumvi Kiasi

Na kwenye uokoaji wa Kilimanjaro kuna ile machela ya gurudumu moja. Nimeiona ikishuka na mtu, niliomba Mungu kuliko yule mgonjwa.

Dada wa Ngarenanyuki

Kwa upande wangu nimepanda Meru mara tatu na nimeongoza wageni. Wanaume mnajadili maji na moto, sawa. Mimi naongeza moja: kwenye hilo kundi la sita kuna wasichana wangapi? Kwa sababu mwanamke akiumwa au akiwa kwenye siku zake, kumweleza kiongozi asiyemjua ni kazi. Marafiki wana faida hapo, na nadhani Mgumu amewahukumu haraka. Mimi naona tatizo ni kwamba kiongozi tunachaguliwa na kampuni. Turuhusiwe kumchagua wenyewe, tukae naye mezani kabla, ajue nani ana pumu na nani anaogopa giza. Leseni anayo, amefaulu. Kampuni ya katikati inaongeza nini?

Mgumu wa Zamani

Dada, inaongeza wa kushtakiwa. Kiongozi akikuacha njiani, au mgumu asipolipwa, ofisi inajulikana ilipo. Mgumu aliyekodiwa getini na watu sita wasiomjua, mvua ikinyesha kambi ya Barranco na hana koti, anamdai nani? Mimi nimewahi kusubiri posho wiki tatu nikiwa na kampuni. Bila kampuni ningekuwa nasubiri hadi leo.

Lakini la kumchagua kiongozi, hapo uko sawa, na hata sasa unaweza ukimtaja kwa jina unapoandikisha safari. Watu hawaulizi tu.

Buti la Mtumba

Tumepigiana simu jana usiku, sote sita. Wasichana ni wawili, dada, na ni wao waliogoma mpango wa kwanza toka mwanzo. Wanne sasa tunasema viongozi wawili, mpishi hapana, wagumu wanne: wawili wa maji na gesi, wawili wa akiba mtu akishindwa na begi lake. Bado nadai kanuni ibadilike, sijahama. Ila Desemba haitasubiri kanuni.

Mgumu, wanne wanatosha? Na kuna kampuni itakayokubali kuandikisha hivyo bila kutucheka?

Mgumu wa Zamani

Sita. Wanne ni wenu, wawili watabeba hema na chakula cha wale wanne na cha viongozi. Nao wanakula, hukuwahesabu.

Kampuni nitauliza. Jumamosi pitia Memorial na hizo buti, nizione soli kwanza.