Kondoo wanajikuna mpaka sufu inanyofoka, naombeni msaada

MchungaWaTandala: Habari za usiku wakuu. Nina kondoo 14 wa sufu, niko Makete. Tangu mwezi wa tano wanajisugua kwenye nguzo za banda, misumari yote imevaa sufu. Nzi wanawang'ata, ngozi imekuwa nyekundu, wawili wana vidonda mabegani. Nitumie dawa gani? Iwe ya haraka tafadhali.

Kamwene_Bosi: Kamwene! Uza wote, nunua ng'ombe wa maziwa. Kondoo ni umaskini uliovaa koti.

Mama Uyole: Safisha banda kwanza. Nzi wang'atao wanazaliana kwenye nyasi za kulalia zilizolowa mkojo na samadi. Bibi yangu alikuwa anafukiza majani ya mlingoti kila jioni, kondoo wenyewe wanausogelea moshi. Mpaka siku banda lilipoungua, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mifugo_Mstaafu: Mpaka sasa umewapa nini?

MchungaWaTandala: Vitu vya kawaida tu.

Mifugo_Mstaafu: Vya kawaida ndiyo nini? Taja.

MchungaWaTandala: Sawa. Jumapili niliwapulizia dawa ya wadudu wa viazi, kwa bomba la mgongoni. Kidogo tu. Jirani alisema inaua kila kitu.

Kamwene_Bosi: Kondoo wakiwemo.

MchungaWaTandala: Hawajafa! Ni mmoja tu anatokwa udenda na kutetemeka miguu. Msinisimange, duka la dawa za mifugo liko mbali na bodaboda hawana huruma. Halafu nimeshapokea advansi ya wawili, mchoma nyama anawafuata Jumamosi.

Msemakweli: Wakuu, hii chai. Nimeishi Makete miaka sita. Mwezi wa saba huu, asubuhi nyasi za Kitulo zimeganda barafu, nzi unawatoa wapi? Wamevaa sweta?

MchungaWaTandala: Chai kunywa mwenyewe. Kwanza hawaruki. Ukipekua sufu wanakimbilia ndani, wa kahawia, bapa, kama kupe mwenye haraka.

Mifugo_Mstaafu: Hapo sasa. Hesabu miguu.

MchungaWaTandala: Sita. Na kuna vitu kama punje za ulezi vimenata kwenye sufu.

Mifugo_Mstaafu: Kupe mkubwa ana minane. Huyo ni nzi kweli, ila hana mabawa. Anazaliwa na kufa ndani ya sufu, anafyonza damu, na baridi ndiyo msimu wake. Zile punje zinaangua baada ya wiki tatu hivi, ndiyo maana dawa ya mara moja haimalizi. Wanyoe, sufu ipeleke mbali na banda. Kisha dawa ya kuogeshea mifugo, kipimo cha kwenye lebo, kundi zima hata wasiojikuna, na urudie. Lakini yule wa udenda ni sumu hiyo. Vaa glovu, mwoshe sasa hivi kwa sabuni na maji mengi, mpigie daktari wa mifugo, mwonyeshe chupa. Na wale wa Jumamosi hawaliwi.

MchungaWaTandala: Ninyoe kwenye baridi hii? Na advansi nimeshanunulia mbolea.

Mama Uyole: Nyoa mchana wa jua, usiku uwafunge magunia. Mbolea haitetemeki miguu, baba.

Kamwene_Bosi: Huyo mchoma nyama yuko stendi ipi? Nijue pa kupita na njaa yangu.

MchungaWaTandala: Nimemwosha. Chupa nimeiokota shambani, lebo imechanika, kimebaki kichwa cha fuvu tu. Nampigia daktari.