Naomba ushauri: Morris Minor ya marehemu baba, pedali ya breki inazama

Mwana wa Walukuba
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Niko Jinja. Baba alituachia Morris Minor ya 1963 na imekaa juu ya matofali tangu 2009. Injini imewaka, inanguruma vizuri mpaka majirani walitoka nje. Shida ni breki. Nikikanyaga, pedali inazama hadi sakafuni. Nikipampu mara nne tano inapanda, halafu nikiiacha kidogo inazama tena. Nimetoa hewa kwenye mabomba ya breki mara tatu, magurudumu yote manne. Nifanye nini? Nina haraka kidogo.

Dereva wa Malaba
Haraka na breki havikai nyumba moja, kaka. Mimi niliwahi kuteremka Kapchorwa na lori la mahindi, breki zikapata moto zikagoma. Nilichagua tuta la udongo nikaliparamia kwa makusudi. Mahindi yalimwagika, mimi nikabaki hai. Mpaka leo natumia gia ndogo kuanzia juu ya mlima.

Fundi Mkongwe, Ndeeba
Mwanangu, achana na hewa kwanza. Je, ulikaza shuu, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani ili gurudumu lisimame? Gari hiyo ina dramu magurudumu yote. Shuu zikiwa mbali na dramu, pedali itazama hata kama hakuna tone la hewa. Inua gurudumu, lizungushe mpaka tundu la dramu likae juu ya skrubu ya kukazia. Mbele kuna skrubu mbili kila upande, nyuma moja moja. Kaza hadi gurudumu ligome, kisha rudisha nyuma mpaka usikie "ko" moja. Likizunguka huru, umemaliza hapo. Ndipo utoe hewa, ukianzia gurudumu lililo mbali na masta silinda, yaani pampu kuu ya breki: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mwenzako akanyage polepole, wewe funga skrubu ya kutolea hewa kabla hajaachia.

Mwana wa Walukuba
Asante mzee. Nimekaza, pedali imepanda kweli. Lakini nilipozunguka mtaa mara moja, gurudumu la mbele kushoto lilichemka, haligusiki.

Fundi Mkongwe, Ndeeba
Basi kuna mpira umevimba ndani ya silinda ya breki ya gurudumu hilo, mafuta yanaingia na hayarudi. Uliweka mafuta gani?

Mwana wa Walukuba
Ya kawaida tu. Niliyamimina pale chini ya zulia, miguuni pa dereva.

Mpenda Ukweli
Jamani, huyu anatutungia hadithi. Kopo la mafuta ya breki liko chini ya boneti, kila mtu anajua. Gari gani linajazwa chini ya zulia? Tunapoteza muda wetu.

Hajati wa Bombo
Nami nimeanza kushuku. Mtu mwenye shida haoni aibu kusema mafuta aliyoweka.

Fundi Mkongwe, Ndeeba
Hapo hajadanganya. Morris Minor masta silinda yake imefichwa kwenye chasisi, chini ya sakafu. Unainua zulia, unafungua kibati, unakuta kifuniko. Mtu asiyeligusa gari hilo hawezi kulibuni jambo hilo. Ila mwanangu, jibu swali. Rangi gani?

Mwana wa Walukuba
Mekundu. Ni mafuta ya pawa ya usukani. Ilikuwa Jumapili, duka limefungwa, jirani akanipa yake. Nisameheni, niliona aibu. Ukweli wote ni huu: dada yangu anaolewa Jumamosi na nimemwahidi atapanda gari la baba mpaka Iganga. Utepe na maua nimeshalipia. Nitaenda polepole, na handibreki inashika, ina waya zake yenyewe.

Hajati wa Bombo
Kilomita kama 40 katikati ya malori ya Malaba, na bibi harusi kiti cha nyuma? Mwanangu, baba yako asingekubali.

Dereva wa Malaba
Mimi ndiye ninayekuja nyuma yako na lori hilo. Nakuomba, usiende.

Fundi Mkongwe, Ndeeba
Handibreki inashika nyuma peke yake. Na mfumo wa hiyo gari ni njia moja: mpira mmoja ukikata, magurudumu yote manne yanabaki bila breki. Mafuta hayo yanavimbisha mpira wa breki. Sasa toa mipira yote, silinda zote, na hozi tatu. Osha bomba kwa spiriti, zikauke, kisha mafuta ya breki ya DOT 4 mapya, kopo lililofunguliwa leo. Masta silinda itakusumbua, boliti zake zimezibwa na tosheni baa, kile chuma kinachofanya kazi ya springi ya mbele. Hiyo si kazi ya kumaliza kabla ya Jumamosi.

Mwana wa Walukuba
Nimefungua silinda ya mbele kushoto. Mpira umevimba, umelegea kama embe bovu. Dada nimemwambia. Alilia, kisha akakubali kupanda Noah ya mjomba. Minor tutaisukuma kwa mikono hadi mlangoni, apige nayo picha hapa nyumbani. Jumatatu naenda Kisekka, soko la vipuri Kampala, kutafuta mipira. Nibebe ule wa zamani wa kulinganishia?

Fundi Mkongwe, Ndeeba
Hapana, umevimba, utakudanganya kipimo. Beba pistoni. Na Jumamosi weka mawe mbele na nyuma ya matairi.